Maulida na Pikipiki Isiyokunywa Mafuta

Kwenye kijiwe kimoja cha bodaboda pale Rwamishenye, mjini Bukoba, kuna msumari kwenye nguzo ya kibanda, na kwenye msumari umening'inia mpira mwembamba uliobadilika rangi kwa petroli. Mgeni akiuona atadhani ni uchafu uliosahauliwa. Wenyewe wanauheshimu kuliko mhuri wa mwenyekiti. Dereva akiishiwa mafuta, mwenzake anafungua tangi, anatumbukiza mpira, ananyonya kwa mdomo mpaka petroli ipande, kisha anaielekeza kwenye tangi la aliyekwama. Hakuna kudaiana. Leo kwako, kesho kwangu, na kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa miaka mingi bingwa wa kunyonya mpira huo alikuwa mwanamke, Maulida binti Shaban. Wanaume wengine walikuwa wakikohoa na kutema mate nusu saa nzima. Yeye alivuta mara moja tu, akaziba kwa kidole gumba, kazi ikaisha.

Maulida ni mtu wa Bukoba kwa baba, wale Waislamu wa mjini wa siku nyingi. Kwa mama ni mtu wa Kagoma, kule Muleba, ambako wana kibanja cha migomba na kahawa. Mumewe, Haruni, alikwenda visiwani kununua dagaa na visiwa vikamnogea, akabaki hukohuko na mke mwingine. Alichoacha nyumbani ni watoto na pikipiki. Maulida hakulia sana. Alijifunza kuiendesha ile pikipiki kwenye uwanja wa mpira wa shule, akaanguka mpaka magoti yakaota sugu, na waliomwambia kazi hiyo si ya mwanamke aliwauliza ni wapi kwenye injini pameandikwa hivyo. Hakuna aliyemwonyesha.

Siku alipopokelewa kijiweni, mwenyekiti wao, Mwijage, mtu mzima mwenye kitambi na sauti nzito, alitoa mfukoni buni kavu. Huko Uhayani buni huchemshwa na majani ya harufu nzuri, ikakaushwa, ikatafunwa, na mgeni hakaribishwi nyumbani bila kupewa akamwani, ndiyo hiyo buni ya kutafuna. Lakini kuna buni ya kumkaribisha mgeni na kuna buni ya kumfanya mtu ndugu. Ganda moja lina punje mbili. Watu wa zamani walipofunga undugu, walikula mmoja punje hii na mwingine punje hii, za ganda lilelile, na tangu hapo hawakuruhusiwa kutupana. Mwijage alilipasua ganda kwa meno, akamtilia Maulida punje moja kiganjani, akaitia ya pili mdomoni mwake.

"Sasa wewe ni wa hapa," alisema. "Ukikwama tunakuja, nasi tukikwama unakuja."

Maulida alitafuna akameza. Alikuja. Alikuja kwenye mvua, alikuja akiwa na homa, alikuja siku ya Idi akiwa amevaa gauni jipya, mpira mkononi. Nasema haya mapema ili baadaye mtu asije akadai hajui.

Kilichombadilisha ni mpira huohuo. Adhuhuri moja alikuwa akimnyonyea petroli Avit, kijana mwembamba mwenye mdomo mrefu kuliko akili, naye Avit akamtania jambo. Maulida akacheka wakati mafuta yakipanda. Petroli ikapita njia ya pumzi. Alilazwa hospitali, kifua kikiwaka kama kimepakwa pilipili, na daktari alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba mapafu yake hayatavumilia mchezo huo tena. Alipotoka, harufu ya petroli tu ilitosha kumtapisha. Dereva wa bodaboda anayetapika akinusa petroli ni sawa na mvuvi anayeogopa maji. Kila mtu alijua amekwisha, isipokuwa yeye.

Aliuza ile pikipiki ya Haruni, akaongezea kahawa ya Kagoma ya msimu mzima, akaagiza Mwanza pikipiki ya umeme. Ikaja na meli. Wapagazi bandarini waliizunguka wakitafuta bomba la moshi, wasilione, mmoja akamuuliza kama wamemuuzia nusu. Maulida akaikalia, akazungusha mkono, ikaondoka bila hata kukohoa.

Hapo ndipo vikwazo vilipoanza kujipanga mlangoni kwake.

Cha kwanza kilikuwa mwenye nyumba wake, Ma Klaudia, mama wa Kikatoliki mwenye roho nzuri na woga mwingi. Nyumba nzima, wapangaji wote, wanatumia mita moja ya umeme. Maulida alipochomeka betri usiku wa kwanza, asubuhi umeme ulikuwa umekwisha, na wapangaji wakakutana uani kama baraza la usuluhishi. Haikusaidia kueleza kwamba pasi ya jirani na friji ya yule mwingine nazo zinakula. Kitu kipya ndicho kinachoshtakiwa.

"Mwanangu, mimi sikufukuzi," Ma Klaudia alisema. "Lakini hilo sanduku lisilale humu ndani. Likiwaka moto tutakimbilia wapi?"

"Mama, mbona jiko la gesi linalala humu ndani?"

"Gesi nimeizoea."

Basi Maulida akawa analibeba sanduku lake mgongoni kwa kanga, kama mtoto, mpaka kwa Hussein kinyozi, barabarani. Hussein alimtengea soketi kando ya kioo kwa sharti kwamba yeye Maulida ndiye atakayenunua umeme. Umeme wenyewe ulikuwa wa kuja na kuondoka. Ukikatika, kinyozi na dereva walikaa benchi moja wakitazamana.

Kikwazo kingine kilikuwa ule ukimya. Abiria wa mjini waliuliza kama kweli itapanda mlima. Wazee wa vibanjani walikasirika zaidi. Nyumba ya Mhaya imekaa katikati ya migomba, na mtu mwema anasikika tangu barabarani, ama kwa salamu ama kwa injini. Anayetokea tu mlangoni bila sauti ni mwizi, au ni jambo baya kuliko mwizi. Bibi mmoja alimwagia maji. Maulida hakubishana na bibi. Tangu siku hiyo, akifika penye njia ya kibanja cha mtu, anapaza sauti: "Hodi waitu, jamaa zangu, ni Maulida naingia," na watoto wa vitongoji vile wakazoea kumwiga mpaka shuleni.

Hayo yote aliyamudu. Lililomshinda ni la Kagoma, na hilo nitalisimulia taratibu kwa sababu ndilo lililomfikisha kwenye kesi.

Asubuhi moja Renatha, muuza nguo pale Rwamishenye, alimjia akilia. Amefiwa na baba mdogo huko Kagoma, na mazishi ni mchana. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, na betri ilikuwa haijajaa. Mtu wa mahesabu angesema hapana. Lakini mwenye msiba haambiwi hapana, si Uhayani, na Maulida hakuwa amewahi kumwambia mtu hivyo. Akampakia, akapakia na mkungu wa ndizi ambao Renatha asingeweza kwenda msibani bila huo, wakashika njia ya Muleba.

Waliwahi. Renatha alimwaga udongo wake kaburini. Wakati wa kurudi ndipo betri ilipokata roho, mahali palipokuwa na migomba kulia na migomba kushoto. Maulida akashuka akaanza kusukuma, jasho likimtoka chini ya hijabu, Renatha akisukuma kwa nyuma akiwa na gauni lake la msiba.

Akatokea Avit, anarudi mjini tupu baada ya kumshusha abiria Muleba. Moyo wa Maulida ukatua. Avit akasimama, akashuka, na kwa mazoea mkono wake ukaenda chini ya kiti anakoweka kipande chake cha mpira. Akautoa. Kisha akautazama mpira, akaitazama pikipiki isiyo na tangi, akaanza kucheka.

"Dada Maulida, sasa nikunyonyee nini?"

"Avit, acha utani. Nimechoka."

"Sitanii. Niambie niutie wapi."

Alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akampakia Renatha, akaondoka. Maulida aliisukuma pikipiki peke yake hadi kwenye duka lenye umeme wa jua, na mwenye duka akamruhusu kuchaji polepole huku akiuza sukari. Alifika Rwamishenye kesho yake. Miguu ilimuuma, lakini kilichomuuma hasa ni kile kicheko.

Kicheko kilimtangulia kijiweni. Mkutano uliitishwa, wote wakakaa kwenye magogo chini ya kibanda, na Mwijage akasimama kando ya ule mpira.

"Hatuna ugomvi na Maulida," alianza, na mtu akianza hivyo ujue ugomvi upo. "Ni dada yetu. Lakini kijiwe ni kusaidiana. Pikipiki yake haiwezi kutoa tone wala kupokea tone. Akikwama hatuna la kumfanyia, nasi tukikwama hana la kutufanyia. Huyo tunamhesabu vipi? Ninaomba arudishe kizibao chake cha kijiwe, atafute mahali pa watu wa umeme."

"Mahali hapo pako wapi, Ta Mwijage?" Maulida aliuliza, kwa ile Ta ya kumheshimu mzee.

"Hatujui. Labda Dar es Salaam."

Wakacheka. Avit akasimama kutoa ushahidi, akasimulia ya Kagoma, mkono ukichezesha mpira hewani. Alisimulia vizuri, lazima nikiri.

Maulida alimwacha amalize. Alikuwa na hasira, lakini hasira yake haipigi kelele, inashuka chini na kutulia miguuni.

"Avit, siku ile ulikuwa na mpira," alisema. "Ulikuwa na mguu pia. Dereva gani hapa hajui kumsukuma mwenzake kwa mguu? Unaweka mguu wako nyuma ya pikipiki yake, unakwenda polepole, mnafika. Mlimsukuma hivyo Clavery huyu hapa siku injini yake ilipokufa kule Kemondo. Mguu hauulizi kama ni petroli au umeme. Hukukosa cha kunipa. Hukutaka."

Avit akaacha kuchezesha mpira. Mwijage akasema hayo ni maneno tu, pikipiki ile haina nguvu hata ya kusukuma baiskeli. Akanyoosha mkono apewe kizibao.

Maulida akakitazama kile kizibao cha kung'aa kilichoandikwa namba yake, kilichochakaa mabegani. Akafunga zipu mpaka shingoni.

"Sikivui," alisema. "Petroli yangu imo kwenye matangi yenu nyote. Kama mnataka niondoke, kwanza irudisheni kifuani mwangu mlimoitoa."

Kushindwa hoja hakujawahi kuwazuia watu wengi kuwa wabaya. Tangu siku hiyo walimsusa. Alikuja kila asubuhi, akaegesha mahali pake palepale, mwisho wa safu karibu na nguzo. Wao wakahamisha zao kidogo, kama anaumwa ugonjwa wa kuambukiza. Abiria akimwendea, mmoja alimwita abiria pembeni na kumnong'oneza habari za Kagoma. Salamu yake iliitikiwa na Clavery peke yake, tena kwa kunyanyua nyusi. Jioni alirudi na betri ikiwa karibu vilevile ilivyokuwa asubuhi, kwa kukosa kazi. Watoto walikula, kwa sababu wateja wa vibanjani walimpigia simu, wale waliokwisha kuizoea sauti yake. Bibi wa maji alikuwa mmoja wao. Lakini kijiwe ndicho chenye abiria, na kijiwe kilikuwa kinamkauka.

Hussein kinyozi alimshauri aache. Anaweza kuegesha mbele ya saluni, akapata wawili watatu kwa siku, bila kudharauliwa.

"Nikiondoka pale, Hussein, wataniona nilikuwa mgeni siku zote," alisema. "Mimi si mgeni pale. Nilikula punje."

Hussein alirudi kwenye kichwa cha mteja wake.

Sasa mjue kitu kimoja kuhusu madereva wetu. Kwenye pikipiki zao nyingi geji ya mafuta ilikufa zamani, na hakuna anayehangaika kuitengeneza. Kujua mafuta yaliyobaki, dereva anaitikisa pikipiki kushoto na kulia, anatega sikio tangini. Yakilia hivi yanatosha kwenda Kemondo na kurudi. Yakilia vile, tafuta kituo. Mwijage alijivunia sikio lake. Alisema linapima kuliko mashine.

Siku hiyo mvua ilikuwa imeshika tangu asubuhi, ile mvua ya ziwani inayopiga bati mpaka watu wanaongea kwa ishara. Mwijage alikuwa mjini sokoni, amejikinga chini ya paa, akifunga mkungu wa ndizi wa mteja. Akaitikisa pikipiki, akatega sikio. Aliyoyasikia yakicheza yalikuwa maji kwenye mfereji wa bati juu yake. Akaridhika, akawasha, akaondoka.

Tangi likakauka katikati ya mpando wa kurudi Rwamishenye. Alijaribu kupiga simu kijiweni, lakini nani angesikia simu katika mvua ile. Akabaki amesimama kando ya barabara, kitambi kimelowa, ameshika breki ili yeye na ule mkungu wasirudi chini kinyumenyume.

Maulida alikuwa akipanda kutoka bandarini alikomshusha mteja. Aliona kizibao kabla ya kuona mtu. Kwenye geji ya betri yake zilikuwa zimebaki taa mbili, na mpando ule peke yake unakula moja. Alijua hesabu hiyo vizuri kuliko mtu yeyote. Akikwama hapa, mbele ya mwenyekiti mwenyewe, hakutakuwa na haja ya mkutano mwingine. Angeweza kupita. Pikipiki yake haina sauti, na katika mvua ile Mwijage asingejua hata nani amepita.

Alisimama.

Mwijage alipogeuka na kumwona, uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutwa akioga.

"Nenda, Maulida. Nitamsubiri Avit."

"Toa gia, Ta Mwijage."

"Hiyo yako haiwezi. Nina mkungu hapa."

"Nimesema toa gia. Shika usukani, uachie breki nikikwambia."

Akasogea ubavuni, akanyoosha mguu wa kushoto, akaukanyagisha kwenye chuma anachowekea mguu abiria wa Mwijage. Kandambili zilikuwa zinateleza, akazivua, akazitia mfukoni, akakanyaga kwa mguu mtupu. Akazungusha mkono. Kwa muda hakuna kilichosogea, pikipiki ikitetemeka chini yake, paja lake likiuma tangu nyonga hadi goti. Kisha magurudumu yakazunguka kidogo, halafu kidogo tena.

Walipanda. Lori liliwapita likawarushia matope, na utingo akatoa kichwa dirishani kushangaa kitambi kikisukumwa na mwanamke. Taa moja ikazimika. Maulida alikuwa anaiambia betri yake, kimoyomoyo, mambo ambayo mama humwambia mtoto mgonjwa.

Mvua ilikatika walipofika juu. Kijiweni madereva walikuwa wamejikunyata chini ya kibanda wakibishana kuhusu mechi ya jana, na hakuna aliyesikia kitu. Walipoinua macho pikipiki mbili zilikuwa zimekwisha simama mbele yao kimya, mguu wa Maulida ukiwa bado kwenye chuma cha mwenyekiti, umechubuka na kutoka damu. Ndizi zilikuwa salama.

Avit ndiye aliyeinuka kwanza. Akauangua mpira kwenye msumari, akaenda nao kwa Mwijage, akaufungua mfuniko wa tangi lake mwenyewe.

"Ngoja kwanza," Mwijage alimwambia.

Akashuka. Akatia mkono mfukoni, akatoa kile kimfuko chake, akachagua buni, akalipasua ganda kwa meno mbele ya wote. Punje moja akaiweka kiganjani, akamnyooshea Maulida.

"Maulida," alisema, "chukua. Karibu tena kijiweni."

Maulida aliitazama ile punje. Nitakuwa mwongo nikisema hakuitamani. Alikuwa na baridi, alikuwa na njaa, na siku nyingi zilikuwa zimepita bila mtu wa pale kumpa hata maji.

"Hiyo ale mwingine, Ta Mwijage," alisema. "Ile ya kwanza sijaitema."

Mwijage alibaki na mkono hewani, kisha akaufunga taratibu, akatikisa kichwa kukubali. Maulida akaisukuma pikipiki mpaka mahali pake, mwisho wa safu karibu na nguzo, akaiegesha. Taa ya mwisho ilikuwa imezimika. Akaitoa betri, akaikumbatia kidogo, akageuka nayo.

"Avit."

"Naam, dada."

"Una mikono. Hii inapelekwa kwa Hussein kinyozi, soketi ya kando ya kioo. Usiiloweshe."

Avit akautundika mpira msumarini, akaipokea betri kwa mikono miwili, akavuka nayo barabara akikwepa madimbwi.